Kumheshimu mama ukiwa mtu mzima: mwongozo kamili kwa Mkristo

Ukimuuliza Mkatoliki au Mlutheri amri ya kuwaheshimu wazazi ni ya ngapi, atakwambia ni ya nne. Mwanglikana, Msabato na Mpentekoste watakwambia ni ya tano. Hesabu zinatofautiana, maneno ni yale yale: “Waheshimu baba yako na mama yako, siku zako zipate kuwa nyingi katika nchi upewayo na BWANA, Mungu wako” (Kutoka 20:12). Wengi wetu tuliikariri shule ya Jumapili tukaambiwa maana yake ni kutumwa dukani bila kununa. Kisha tukakua, tukaoa, tukaolewa, tukahamia mjini, na amri yenyewe tukawaachia watoto.

Waliosimama chini ya Sinai walikuwa watu wazima, wenye familia na mifugo, na wazee wa kutembea nao jangwani. Hakukuwa na pensheni wala bima. Mzee aliyeishiwa nguvu alikula kwa mkono wa mwanawe au alilala njaa. Amri ilitolewa kwa watu wa namna hiyo, na ndivyo Yesu na Paulo walivyoielewa baadaye, kama tutakavyoona.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu mzima, hasa yule ambaye mama yake yuko kijijini na yeye anahangaikia maisha Dar es Salaam, Mwanza au Arusha. Baba naye anastahili heshima ile ile. Namzungumzia mama kwa sababu mara nyingi ndiye anayebaki mjane, na ndiye tunayemsifu sana kwa maneno. Tena Mambo ya Walawi 19:3 inamtaja mama kabla ya baba.

Hatua ya kwanza: nenda ukakae naye, si kumsalimia tu

Mama akiulizwa kwa simu atasema, “Hatujambo, tunamshukuru Mungu.” Presha ikiwa juu atasema hivyo hivyo, na unga ukiwa umeisha atasema hivyo hivyo. Hataki kukusumbua. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni safari, na safari hiyo isiwe ya Krismasi. Krismasi nyumba imejaa wajukuu, kuku wanachinjwa, kila kitu kinaonekana kizuri. Nenda siku za kawaida, katikati ya wiki ukiweza, ulale hapo walau siku mbili.

Ukiwa hapo, tazama bila kukagua. Maji anachota wapi, na nani anabeba ndoo? Choo ni cha kuchuchumaa, na magoti yake yanamruhusu? Akiamka usiku anamulika kwa nini? Godoro lina unene gani uliobaki? Jioni akiwa peke yake anakula nini? Wazee wengi wanaoishi peke yao hawapiki usiku. Wanakunywa chai ya rangi na kiporo, wanalala. Dawa anazotumia ziko wapi, na zimebaki ngapi? Biblia anaisoma mwenyewe au ameacha kwa sababu haioni?

Halafu zungumza na watu wanaomwona kila siku: jirani, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa jumuiya. Ukimwuliza jirani kwa adabu, “Mama yetu anaendeleaje hasa?”, utaambiwa mambo ambayo mama hatakwambia mwaka mzima.

Mwishowe muulize yeye mwenyewe anataka nini. Watoto wengi huruka hapa. Wanakaa kikao mjini, wanaamua mama ahamie kwa kifungua mimba, wanamfuata na gari. Mama anafika, anawekwa chumba kizuri chenye feni, na asubuhi kila mtu anakwenda kazini. Anabaki na runinga na binti wa kazi asiyejua hata mtu wa kwao. Hana shamba, hana kwaya, hana wenzake wa jumuiya. Baada ya miezi michache anaanza kusema anataka kwenda kuangalia kuku wake. Msikilize. Kama bado anajimudu, mara nyingi heshima kubwa ni kumletea huduma pale alipo: kijana wa kuchota maji, mtu wa kulala naye usiku, choo cha kukaa, taa ya sola. Siku akishindwa kabisa mtazungumza upya, naye akiwepo kwenye mazungumzo.

Hatua ya pili: mtengee fungu kabla hujaahidi mengine

Hapa nitasema wazi, hata kama baadhi ya wachungaji hawatafurahi. Katika Marko 7:9–13 Yesu aliwakabili Mafarisayo na waandishi kwa jambo moja la fedha. Mtu aliweza kutangaza kuwa mali ambayo ingewasaidia wazazi wake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa tamko hilo akaruhusiwa kutowatendea wazazi wake lolote. Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Tazama alichokuwa anakilaumu. Si ulevi, si anasa. Ni sadaka iliyotolewa kwa gharama ya mzazi.

Sasa jiulize wewe uliyeahidi bati za kanisa, ukachangia vyombo vya muziki, ukapeleka sadaka maalumu ya mwezi, huku mama anakatisha dawa za presha kwa sababu zimeisha. Sikuambii uache kutoa. Nakuambia panga upya. Kabla hujasimama kutaja ahadi ya ujenzi mbele ya watu, fungu la mama liwe limeshatoka. Paulo anasema watoto na wajukuu wa mjane wajifunze kwanza kuwatendea mema watu wa nyumbani mwao (1 Timotheo 5:4), na katika aya ya 8 anamwita asiyewatunza walio wake mtu aliyeikana imani. Ni maneno makali kuliko mengi aliyowaambia Wakorintho.

Namna ya kupanga: andika gharama zake halisi za mwezi, yaani chakula, dawa, nauli ya kliniki, umeme au sola, mshahara wa anayemsaidia. Usikadirie ukiwa mjini. Uliza bei za pale pale. Ziweke tarehe moja isiyobadilika, ili mama asiishi kwa kubahatisha wala asilazimike kupiga simu kuomba. Unapotuma kwa simu, ongeza ya kutolea. Ni adabu ndogo, lakini mzee anayekatwa kila mara anapokwenda kwa wakala huiona.

Na kuna fungu ambalo wengi hawalifikirii: fedha yake mwenyewe ya kutoa. Mama anahitaji sadaka ya Jumapili, mchango wa msiba wa jirani, hisa ya kikoba, zawadi ya mkwewe aliyejifungua. Ukimlipia kila kitu dukani na kumwacha bila shilingi mkononi, umemlisha lakini umemwondoa katika jamii yake. Amekuwa mtoto wako. Mpe fungu hilo na usiulize limekwenda wapi.

Hatua ya tatu: kaeni ndugu, mgawane mzigo kwa uwazi

Karibu kila familia ina mpangilio huu: mmoja ana fedha, mmoja anakaa na mama, wengine wanatoa ushauri. Anayekaa na mama, mara nyingi binti ambaye hakuolewa au mke wa kitinda mimba, ndiye anayechoka zaidi na kushukuriwa kidogo zaidi. Anamwogesha, anafua, anaamka usiku. Kisha kaka wa mjini anakuja na sanduku la vinywaji, anamuuliza kwa nini mama amekonda.

Kaeni kikao, hata kwa simu ya kundi, mtaje kazi moja moja: nani analipa dawa, nani anampeleka kliniki, nani anatengeneza paa. Anayekaa naye mhesabieni muda wake kuwa ni mchango mkubwa kuliko fedha, na mpeni mapumziko: kila baada ya miezi kadhaa mwingine aje kumshika mkono, yeye aende zake. Aliye na kipato kidogo atoe kidogo, ila atoe. Msimfanye mwenye fedha kuwa mwenye kauli peke yake.

Kama wewe ndiye unayekaa naye, usimchafue ndugu yako kwa mama. Maneno ya “huyu ndiye aliyekusahau” hayamponyi mama. Yanampa mtoto mwingine wa kumlilia.

Ruthu anafaa kukumbukwa hapa, kwa kuwa hakuwa hata mtoto wa kuzaa. Alikwenda kuokota masazo mashambani Bethlehemu, akala akashiba, na kilichobaki akamletea Naomi mama mkwe wake (Ruthu 2:18). Mwisho wa kitabu wanawake wa mji wanamwambia Naomi kwamba mkwe huyo anamfaa kuliko watoto saba. Wakwe wa kike wanaofanya kazi ya Ruthu leo wako wengi. Mtaje kwa jina siku familia inaposhukuru.

Hatua ya nne: afya yake

Mama mwenye miaka 60 na kuendelea anahitaji kupimwa presha na sukari hata kama haumwi, kwa kuwa vyote viwili hukaa kimya muda mrefu. Akishaandikiwa dawa za presha, ni za kila siku. Hazikatishwi kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Na hazikatishwi kwa sababu ameombewa. Mchungaji amwombee, amwekee mikono, tuseme amina. Kisha arudi kliniki apimwe, na daktari ndiye aseme kama dozi ipunguzwe. Anayemwambia mama kuwa kumeza kidonge ni kukosa imani mwambie, kwa upole, kuwa Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Macho yaangaliwe mapema. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na wazee wengi wanaoitwa vipofu vijijini wangeweza kuona tena. Wengine wanahitaji miwani ya kusomea tu.

Kuhusu gharama: kama wewe ni mtumishi uliyesajiliwa bima ya afya, ulizia orodha ya wategemezi wako. Wazazi huruhusiwa, lakini wengi wetu hujaza nafasi bila kuwafikiria. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na upo utaratibu wa matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo katika vituo vya serikali. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kwa ajili ya utambulisho. Bado weka akiba ya dawa, maana dirisha la wazee linaweza kuwepo na dawa isiwepo.

Sasa jambo zito. Mama akianza kusahau, kurudia swali lile lile, kupotea njia anayoijua, kumwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, kuzungumza usiku peke yake, hayo mara nyingi ni maradhi ya ubongo yanayowapata wazee. Mpeleke hospitali. Usikubali aitwe mwenye mapepo na kupitishwa kwenye mikesha ya kukemewa. Na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa jambo hili ni la kufa na kupona: kwa miaka mingi wanawake wazee wamekuwa wakituhumiwa uchawi na wengine kuuawa, macho mekundu yakichukuliwa kuwa ushahidi, wakati macho yale yamechomwa na moshi wa kuni na samadi kwa maisha yote ya kuwapikia watoto. Mtoto wa Kikristo ana wajibu wa kusema kwa sauti. Ukisikia minong'ono, nenda kijijini mwenyewe, ukae naye hadharani, uende naye kanisani, uonane na mwenyekiti wa kijiji na mchungaji, na kama kuna tishio toa taarifa polisi. Mnunulie jiko la gesi au jiko banifu lenye bomba la moshi. Na kama mnong'ono huo unatoka kwa mganga aliyewapigia ramli ndugu zako, waambie ndugu zako wazi kuwa hapo umesimama upande wa mama.

Hatua ya tano: nyumba, shamba na karatasi

Yesu aliwalaumu waandishi waliokula nyumba za wajane (Marko 12:40). Nyumba za wajane bado zinaliwa, na wanaokula mara nyingi ni watoto na mashemeji, si waandishi.

Baba akifariki, mirathi ifunguliwe mapema: cheti cha kifo, kikao cha ukoo chenye muhtasari wa maandishi, kisha mahakama, ambayo kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi wa mirathi ni mgawaji, si mrithi wa kila kitu. Jambo hili lisemwe kwenye kikao kabla ya kumteua. Shamba la kijijini lisilo na hati linaweza kuombewa hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Jina lake liandikwe. Usimshawishi mama auze kiwanja ili upate mtaji, wala usimwekee dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Kama ni lazima asaini, asomewe yote, mbele ya mtu anayemwamini ambaye hanufaiki na mauzo.

Hatua ya sita: ulimi

“Usimdharau mama yako akiwa mzee,” inasema Mithali 23:22, na dharau nyingi hupita mdomoni. Shikamoo yako isiwe ya kutupa ukiangalia simu. Asubiriwe amalize hadithi aliyokwisha kuisimulia. Akikosea jina la dawa au la Rais, usimcheke mbele ya wajukuu, kwa sababu wajukuu wanajifunza hapo namna ya kukutendea wewe. Mambo ya kumsahihisha yasemwe faraghani.

Usimdanganye pia. Agostino, aliyekuwa baadaye askofu wa Hippo, aliandika jinsi alivyomdanganya mama yake Monika bandarini Carthage mwaka 383: mama akiwa anaomba usiku, yeye akapanda merikebu kwenda Roma. Monika alimfuata hadi Italia. Uongo wetu ni mdogo zaidi, “niko njiani”, “nitakuja mwisho wa mwezi”, lakini mama huandaa chumba na kukaa akitazama barabara. Kama hutakuja, sema hutakuja.

Hatua ya saba: kuheshimu bila kutii kila neno

Mfalme Sulemani alipojiwa na mama yake Bathsheba alisimama, akamwinamia, akaagiza awekewe kiti mkono wa kuume. Kisha alipoombwa ampe Adoniya mwanamke Abishagi, akakataa (1 Wafalme 2). Kiti alipewa, ombi hakupewa. Kinyume chake ni Yakobo, aliyemtii Rebeka katika kumdanganya Isaka. Alikimbilia Harani, na Maandiko hayasemi kama alimwona mama yake tena.

Kwa hiyo mama akikuagiza umfukuze mke wako kwa sababu hajazaa, jibu ni hapana, na Mwanzo 2:24 imekwisha kusema mtu ataambatana na nani. Akitaka mshiriki tambiko au kwenda kupiga ramli, jibu ni hapana. Namna ya kusema ndiyo heshima. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe, na usimtume mkeo. Kaa chini. Sema, “Mama, hili siwezi, na nitakwambia kwa nini,” kisha uendelee kumtunza mwezi huo na unaofuata kana kwamba hajakuomba. Ukikata msaada kwa hasira utakuwa umemfundisha kuwa upendo wako ulikuwa wa masharti.

Wapo pia ambao mama aliwatelekeza, aliwapiga kupita kiasi, au aliwafumbia macho waliowadhuru. Kanisa huwa na haraka sana na watu hawa. Kusamehe hakulazimishi kurudi kulala nyumba iliyokuumiza, wala kumwachia watoto wako. Unaweza kumtunza kwa mbali: dawa zilipwe kupitia ndugu, chakula kifike, usimseme vibaya mitaani, umwombee. Hilo nalo linahesabika kuwa utii wa amri.

Kuhusu Siku ya Mama

Jumapili ya pili ya Mei makanisa mengi hugawa maua au khanga. Ni vyema. Asili yake ni ibada: Anna Jarvis aliandaa ibada ya kumkumbuka mama yake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, katika kanisa la Methodisti huko Grafton, West Virginia, Mei 1908, na mwaka 1914 Marekani ikaifanya siku rasmi. Miaka ya baadaye yeye mwenyewe aliipinga vikali alipoona wauza maua na kadi wameiteka. Ukiweka picha ya mama mtandaoni siku hiyo, hakikisha umempigia kwanza.

Hatua ya mwisho: muulize kuhusu mazishi yake angali hai

Tunaogopa kuuliza, wao hawaogopi. Yesu akiwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na “tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake” (Yohana 19:27). Alipanga mambo ya mama mapema kuliko tunavyopanga sisi wenye miaka ya nafasi. Monika, alipokuwa anakufa Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wamzike popote, wamkumbuke tu kwenye altare ya Bwana.

Muulize mama azikwe wapi, nyimbo zipi, nani aongoze ibada, nguo zake apewe nani. Kisha pangeni kiasi cha matumizi, na kisizidi mlichotumia kumtibu. Familia inayokodi maturubai, magari na wapiga video kwa mama ambaye mwezi uliopita ilishindwa kumlipia kipimo ina jambo la kujieleza mbele za Mungu. Andika aliyosema, asaini au aweke dole gumba, nakala moja ibaki kwake ndani ya Biblia, moja kwa ndugu, moja kwa mzee wa kanisa. Rudieni kuisoma pamoja kila mwaka, maana atabadilisha nyimbo.